Nusu mita tu: shindano la sekondari la kuruka kwa skii New Hampshire na hesabu yake

Mpima_Umbali ameandika:

Wanajukwaa, salaam. Jumatano jioni nilisimama kwa muda wa saa mbili na nusu pembeni mwa kilima chenye theluji hapa New Hampshire, nikiwa mmoja wa wapima umbali katika shindano la shule za sekondari la kuruka kwa skii (vibao virefu vya kuteleza juu ya theluji), na katika mruko mmoja nilikosea kwa nusu mita. Kosa lilisahihishwa kabla ya matokeo kutangazwa. Hata hivyo limenifanya niandike uzi huu, kwa sababu nimegundua kwamba wazazi wengi, hasa sisi ambao theluji tumekutana nayo ukubwani, tunautazama mchezo huu kana kwamba anayeruka mbali zaidi ndiye mshindi, kisha tunaondoka uwanjani tukinung'unika kwamba mtoto wetu ameonewa.

Kwanza niseme tuko wapi. New Hampshire ndilo jimbo pekee la Marekani ambako kuruka kwa skii kungali mchezo rasmi wa shule za sekondari, chini ya chama cha michezo ya shule cha jimbo, NHIAA. Vyuo vikuu viliuacha zamani: NCAA, chama cha michezo ya vyuo, iliuondoa katika mashindano yake ya skii baada ya msimu wa 1980, na mlango huo ulipofungwa juu, huku chini shule nyingi hazikuona tena sababu ya kutunza vilima. Hapa umebaki kwa kuwa una mizizi. Klabu ya Nansen ya mji wa Berlin ilianzishwa mwaka 1872 na wahamiaji kutoka Skandinavia, na mnara wa kilima chao kikubwa, uliojengwa miaka ya 1930, bado unaonekana ukipita barabara ya kuelekea Milan. Wanafunzi hawarukii huko. Wao hutumia vilima vidogo zaidi, kama vile vya Lebanon na Andover, ambavyo ukivitazama ukiwa chini unaona ni vya kawaida, lakini ukipanda ngazi hadi juu unakuta magoti yamekuwa na maoni tofauti.

Binti yangu alijiunga Desemba akiwa hajawahi kuruka hata mara moja. Walimwanzisha kwenye kilima cha watoto, kwa skii za kawaida za kuteremkia, akajifunza kuchuchumaa, kunyoosha mwili na kutua, na baada ya wiki kadhaa wakamvalisha skii zenyewe: ndefu kumpita yeye, pana, nzito kubeba, zenye vifungio vinavyoshika ncha ya kiatu huku kisigino kikiachwa huru. Fimbo za mkononi hazitumiki kabisa.

Sasa nije kwenye kazi ya mpima. Pembeni mwa mteremko wa kutua kuna vibao vyenye namba za mita, zikihesabiwa kutoka kwenye ukingo wa kurukia. Kila mpima hupewa mita chache za kulinda. Mimi nilipewa kuanzia 38 hadi 42. Mrukaji akitua katika eneo lako, unanyoosha mkono mahali pale pale na kutaja umbali, ukikadiria hadi nusu mita. Mrukaji humwoni akianza. Unasikia kwanza skii zikisugua njia ya barafu kule juu, sauti kama ya kitambaa kinachochanwa, kisha kimya kifupi, kisha mwili unatokea juu ya ukingo ukiwa umelala mbele juu ya skii, kisha *pa!* kwenye theluji iliyoshindiliwa, na yote hayo yamekwisha kabla hujavuta pumzi ya pili.

Kanuni inasema umbali hupimwa katikati ya miguu miwili, pale skii zote mbili zinapokuwa zimelala kabisa kwenye theluji. Si kichwa, si mikono, si ncha za skii. Mimi nilifuata helmeti. Kijana mmoja alitua kwa miguu iliyo sambamba, akayumba, akajirusha mbele ili asianguke, na macho yangu yakaenda naye. Nikapaza sauti: "Arobaini na moja na nusu!" Jirani yangu wa upande wa chini, mzee ambaye amefanya kazi hii misimu mingi, akasema bila kuinua sauti, "Arobaini na moja." Akanionyesha alama ya visigino kwenye theluji, na kweli ilikuwa kwenye kibao cha 41.

Nusu mita ni nini? Tupige hesabu, kwa namba za mfano ambazo hazipo mbali na kilichotokea. Kila kilima kina nukta ya K, ambayo ni umbali ambao kilima kilisanifiwa kwa ajili yake. Ukitua hapo unapata alama 60 za umbali. Kila mita ya ziada inaongeza alama na kila mita pungufu inapunguza, na katika jedwali la kimataifa kilima kidogo hutoa alama nyingi zaidi kwa mita kuliko kilima kikubwa: kilima chenye K ya mita 40 hutoa 3.2 kwa mita, wakati vile vikubwa vya Olimpiki hutoa 1.8. Halafu huja alama za mtindo. Majaji watano, kila mmoja akitoa hadi 20. Alama ya juu kabisa na ya chini kabisa zinatupwa, tatu zilizobaki zinajumlishwa.

Mrukaji wa kwanza, yule wangu, alitua mita 41: umbali 63.2. Kwa kuwa hakutua kwa telemaki, yaani mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, magoti yamekunjwa na mikono imetandazwa, majaji walimpa 15, 15, 14.5, 15.5 na 15. Ukitupa ile ya juu na ile ya chini inabaki 45. Jumla 108.2. Mrukaji wa pili alitua mita 39 tu, mita mbili nyuma: umbali 56.8. Lakini alitua kama anayepiga hatua kutoka kwenye ngazi, akapata 17.5, 17, 17, 18 na 17, ambazo baada ya kutupa zinabaki 51.5. Jumla 108.3.

Ameshinda kwa sehemu moja ya kumi. Na lau sauti yangu ingesikilizwa badala ya ile ya mzee, yule wa kwanza angeongezewa 1.6 na kuchukua ushindi usio wake, na watu mia waliokuwa wamesimama chini wasingejua lolote. Ndiyo maana nasema: mzazi anayehesabu mita tu anatazama nusu ya shindano.

---

Mshabiki_wa_Riadha ameandika:

Mkuu Mpima, nakushukuru kwa maelezo yaliyonyooka, lakini naomba nitofautiane nawe. Mfano wako umenifanya niuchukie mchezo huu badala ya kuupenda. Kijana ameruka mita mbili zaidi ya mwenzake, hakuanguka, kisha anaambiwa ni wa pili kwa sababu watu watano walioketi kwenye kibanda hawakupendezwa na mikao ya miguu yake. Katika riadha tuna kuruka umbali, na tepu ndiyo inayosema. Hakuna anayeuliza kama mrukaji alitua kwa adabu. Jicho la binadamu likiingizwa katika ushindi, upendeleo hauko mbali. Ni kwa nini majaji wa mtindo wasiondolewe?

---

Mpima_Umbali ameandika:

Ndugu yangu, historia ina mahali inapokuunga mkono, na sitakuficha. Katikati ya miaka ya 1980 Msweden Jan Boklöv alianza kuruka huku amezifungua skii zake kwa umbo la V. Wakati huo mtindo uliokubalika ulikuwa skii sambamba, na majaji wakamkata alama mfululizo. Lakini hewa ilimbeba mbali kiasi kwamba alitwaa Kombe la Dunia la msimu wa 1988/89 huku akiadhibiwa. Leo hii kila mtoto hapa kilimani anafundishwa V, na jaji angeshangaa kuona kitu kingine. Kwa hiyo ndiyo, majaji waliwahi kuadhibu kitu ambacho kilikuwa sahihi.

Hata hivyo, kutua ni jambo lingine, nami naona hapo ulinganisho wako na riadha unapwaya. Mrukaji wa riadha huanguka kwenye mchanga na safari imekwisha. Huyu wetu anatua akiwa kwenye mwendo wa gari, na baada ya hapo bado ana mteremko mzima wa kumaliza. Telemaki haiji yenyewe. Ni lazima mrukaji aanze kuiandaa akiwa bado hewani, na anapoiandaa anaukata mruko wake mapema kidogo, pengine kwa mita moja. Ukiondoa alama za mtindo, unamwambia kijana wa miaka kumi na sita kwamba ang'ang'anie hewani hadi sekunde ya mwisho, atue kwa miguu yote miwili kwa kishindo, na ajue mwenyewe atakavyosimama. Alama zile ni malipo ya mita aliyokubali kuipoteza. Kijana aliyeshinda Jumatano hakupendelewa. Alinunua alama sita na nusu kwa mita mbili, na ununuzi ulikuwa mzuri kwa sehemu moja ya kumi.

---

Mama_wa_Wawili ameandika:

Shikamooni. Mimi sijali sana hesabu, naomba mnisamehe. Mwanangu wa kike ameleta fomu ya ruhusa nyumbani niitie sahihi, na imekaa mezani siku tatu. Ninachotaka kujua ni hatari. Wanaruka juu kiasi gani? Na ikiwa ataanguka, anaangukia wapi?

---

Kocha_wa_Zamani ameandika:

Marahaba, mama. Swali lako ndilo ambalo kila mzazi analo, ila wengi huona haya kuliuliza, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Watu hudhani ukingo wa kurukia umeinuliwa kama ubao wa kumrusha mtu angani. Sivyo. Umeinamia chini kidogo. Mrukaji haendi juu. Anaendelea mbele huku ardhi ikiporomoka chini yake, na kilima kimechongwa kifuate njia ya mwili unavyoshuka, hivyo kwenye vilima vya shule mara nyingi yuko mita chache tu juu ya theluji. Akitua, anatua kwenye mteremko mkali unaoelekea huko huko anakokwenda. Kishindo kinakuwa kidogo kuliko macho yanavyodhani, kwa sababu ardhi inampokea kwa ulalo. Akianguka, kwa kawaida anateleza hadi chini, anasimama, anajikung'uta. Nimeona maanguko mengi, na mengi yao yalikuwa ya namna hiyo. Sisemi yote.

Hatari halisi iko mahali pengine, na ningependa uijue ili umuulize kocha wa mwanao maswali yanayofaa. Baada ya nukta ya K mteremko unaanza kulala, na zaidi ya hapo unakuwa tambarare. Mrukaji akipitiliza hadi huko, anapokea kishindo chote kwa magoti. Ndiyo maana mahali pa kuanzia panaweza kushushwa: ukianzia chini, kasi inapungua na mruko unafupika. Kocha mwema akiona mmoja wao ametua karibu mno na tambarare, anasimamisha shughuli na kushusha mahali pa kuanzia kwa wote, hata kama wazazi wanapiga kelele kwamba rekodi ilikuwa inakaribia. Muulize anafanya hivyo lini. Muulize pia kuhusu upepo. Kocha husimama karibu na ukingo akiwa na bendera, na mtoto haachii benchi la kuanzia kule juu mpaka bendera ishuke. Upepo wa mbele humbeba mrukaji, ule wa mgongoni humdondosha, na ule wa pembeni ndio ninaouogopa mimi. Katika Kombe la Dunia siku hizi upepo unapimwa na alama zinafidiwa, lakini huku kwetu fidia ni subira ya kocha.

Jambo moja zaidi, ambalo huwa naliambia kila kundi jipya siku ya kwanza. Mwaka 1970, Vinko Bogataj kutoka Yugoslavia alianguka vibaya sana huko Oberstdorf, na televisheni ya Marekani ikaonyesha anguko lile kila wiki kwa miaka mingi. Kizazi kizima cha wazazi hapa kiliujua mchezo huu kwa sekunde zile chache. Kilichotokea ni kwamba njia ilikuwa na kasi kupita kiasi, naye akajaribu kuusitisha mruko akiwa tayari katikati ya njia, akapoteza mizani. Alipata mtikisiko wa ubongo, akapona, akarudi kuruka. Somo ninalowapa watoto ni fupi: shaka yako iishe ukiwa bado umekaa kwenye benchi. Ukirudi nyuma na kushuka kwa ngazi hakuna atakayekucheka, na akicheka nitamrudisha nyumbani.

Na kwa kuwa umesema ni binti, nikuongezee hili ingawa hukuuliza. Mwili mwepesi hupaa vizuri, na katika ngazi za juu warukaji waliwahi kujinyima chakula hadi kudhoofika. Kanuni za kimataifa tangu 2004 zinafunga urefu wa skii na uwiano wa uzito na kimo: urefu wa juu kabisa ni asilimia 145 ya kimo chako, lakini ukiwa mwepesi kupita kiwango, skii zako zinakatwa na faida inapotea. Kwenye vilima vidogo vya sekondari uzito hauna maana yoyote kulinganisha na kuruka kwa wakati sahihi. Ukimsikia mtu yeyote kilimani akimwambia mwanao apunguze chakula, mchukue umwondoe siku hiyo hiyo.

---

Mama_wa_Wawili ameandika:

Ahsante sana, kocha. Nimeyaandika maswali yote mawili. Nimesikia pia kwamba wasichana hawakuwa wakiruhusiwa katika mchezo huu. Ni kweli, au ni maneno ya watu?

---

Mpima_Umbali ameandika:

Mama, ni kweli katika Olimpiki, na si zamani sana. Mwaka 2009 wanawake walipata ubingwa wao wa kwanza wa dunia huko Liberec, akaushinda Mmarekani Lindsey Van. Mwaka huo huo yeye na wenzake walikwenda mahakamani British Columbia kudai kuingizwa katika michezo ya Vancouver ya 2010. Jaji alikubali kwamba wanabaguliwa, lakini akasema sheria ya Kanada haina nguvu juu ya Kamati ya Olimpiki. Wakatazama wanaume wakiruka. Waliingia Sochi 2014, na Mjerumani Carina Vogt akawa bingwa wa kwanza. Hapa kilimani kwetu wasichana na wavulana hupanda ngazi ile ile.

Na kwa Mshabiki wa Riadha, kwa kuwa ulisema jicho la binadamu halifai: tepu na kalamu nazo hukosea. Katika Olimpiki ya Chamonix mwaka 1924 medali ya shaba ya kuruka kwa skii alipewa Mnorwei Thorleif Haug, na Mmarekani Anders Haugen akawekwa wa nne. Hapakuwa na upendeleo wa jaji. Ilikuwa hesabu tu, mtu alijumlisha vibaya. Kosa lilikuja kuonekana mwaka 1974, miaka 50 baadaye, Haugen akiwa mzee wa zaidi ya miaka themanini, na binti wa Haug ndiye aliyemkabidhi medali. Hadi Beijing 2022 hiyo ilikuwa bado medali pekee ya Marekani katika kuruka kwa skii.

---

Mshabiki_wa_Riadha ameandika:

Nimekusoma, mkuu. Hoja ya kutua nimeikubali kwa shingo upande. Majaji bado siwapendi. Lakini niambie, kwa nini msiweke kamera pembeni, mkaachana na kunyoosheana mikono? Kombe la Dunia wanapima kwa video.

---

Mpima_Umbali ameandika:

Wanapima kwa video, ndiyo, na ukirudisha picha nyuma unaona visigino vikigusa. Sisi tuna wazazi wanane, taa za uwanja, na thermosi moja ya chai. Mwaka huu hatutapata kamera. Dawa niliyofundishwa na yule mzee ni rahisi: usimtazame mrukaji kabisa. Kaza macho kwenye theluji ya eneo lako, uache miguu ndiyo iingie machoni mwako, na baada ya kuita namba ndipo uinue kichwa umwone ni nani. Nimejaribu mazoezini Ijumaa na kati ya miruko kumi na miwili tulitofautiana mara moja tu.

---

Kocha_wa_Zamani ameandika:

Huyo mzee amekupa siri yenyewe. Shindano lijalo umepangiwa mita ngapi?

---

Mpima_Umbali ameandika:

Wamenipa 20 hadi 24, kocha, eneo wanakotua wanaoanza. Binti yangu katika mazoezi hutua 22, wakati mwingine 22 na nusu, na mtindo wa viatu vyake naujua hata gizani. Nimemwandikia msimamizi asubuhi hii kuomba nibadilishane na yule mzee.